Mwana-mbuzi wa Njia ya Masaka

Nilijifunza kuendesha baiskeli nikiwa na miaka arobaini na sita. Nyinyi mliobaki Ngara mlicheka mliposikia, nami siwalaumu. Nilikuwa nashinda nimekaa ofisini Kimihurura, hapa Kigali, natafsiri nyaraka, jioni narudi nyumbani kwa pikipiki na kukaa tena. Daktari alipopima presha yangu kwa mara ya tatu, akaniambia nichague kutembea au baiskeli, ila kiti sasa basi. Nikachagua baiskeli, kwa sababu ambayo sikumwambia. Utotoni kwetu baiskeli ilikuwa ya kaka zangu. Mimi na Shangazi Adela, aliyenilea, kazi yetu ilikuwa kuisukuma ikiwa na ndizi.

Kwa miezi miwili nilijifunza Jumapili asubuhi, zile ambazo barabara kadhaa za Kigali hufungwa magari yasipite. Niliangukia kiwiko, nikaangukia goti, siku moja nikaangukia ua wa watu wa heshima. Nilipoweza kukata kona bila kuweka mguu chini, nikampigia simu Shangazi Adela. Siku hizi anaishi Masaka, pembezoni mwa jiji, kwenye nyumba mpya, na alikuwa hajaniona tangu Pasaka.

"Jumamosi nakuja," nikamwambia. "Nakuja kwa baiskeli."

"Njoo mzima," akasema.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilitoka Kimihurura. Huku watu huendesha upande wa kulia, si kushoto kama kwetu, kwa hiyo kila nilipoingia kwenye mzunguko nilijisemea kwa sauti: kulia, kulia. Remera nilikuta maduka ndiyo yanafunguliwa, wanawake wanafagia mbele ya milango. Giporoso nilishuka nikasukuma, maana pikipiki zilikuwa nyingi mno. Sikuona aibu. Vijana wanaobeba magunia ya viazi nao walikuwa wanasukuma.

Baada ya Kanombe barabara inashuka kuelekea bonde la Mulindi. Nilibana breki mpaka vidole vikafa ganzi. Ukungu ulikuwa umelala bondeni juu ya majani, na baridi yake ilinipiga usoni kama kitambaa kibichi. Mwanamume mmoja aliyefunga madumu ya maziwa nyuma ya baiskeli yake akanipita kama upepo, akanigeukia akitabasamu.

"Mama, komeza!" akaniambia, yaani niendelee hivyo hivyo.

Mwanzo wa saa mbili nikaacha lami na kuingia njia ya vumbi. Hapo ndipo kichwa kilipoanza kunivimba. Hakuna magari, njia ni tambarare, jua limetoka. Nikaongeza mwendo. Kwenye usukani nina kengele mpya, nikawa napigia kila kilicho mbele yangu. Nilimpigia kuku mwenye vifaranga, akaruka huku na huku akipiga kelele, vifaranga wakatawanyika kwenye nyasi. Nikacheka. Nilimpigia mbwa aliyelala, akaondoka akiburuta miguu. Nilijiona nimekuwa dereva kamili: mimi napiga kengele, wao wanapisha.

Kwenye kona moja, karibu na shamba la viazi vitamu, palikuwa na mbuzi jike amefungwa kamba ukingoni mwa njia, upande wa kushoto. Upande wa kulia, kwenye matuta, alisimama mwanawe mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Niliwaona wote wawili, na hilo lazima niliseme wazi. Niliwaona nikiwa mbali, nikapiga kengele, nikaendelea. Shamba zima lilikuwa nyuma ya yule mdogo, nikadhani atakimbilia huko.

Alikimbilia kwa mama yake.

Nilibana breki ya mbele, yote. Gurudumu likamkuta, nami nikapita juu ya usukani. Nilipoinuka, kiganja kinatoka damu, nikamsikia analia. Sauti yake ilikuwa kama ya mtoto mchanga kabisa. Mguu wa mbele ulikuwa unaning'inia, umevunjika chini ya goti. Mama yake alikuwa anaivuta kamba mpaka inamkaba shingoni, naye anaita.

Sitawadanganya. Nilitazama huku na huku, na njia ilikuwa tupu. Nilijua kwamba nikipanda sasa, baada ya dakika chache niko kwa Shangazi nakunywa chai, na hakuna atakayejua. Hata baiskeli niliiinua. Lakini yule mdogo alijaribu kusimama, akaanguka kifudifudi, akajaribu tena, na kila mara alikuwa anajielekeza kwa mama yake. Nikalaza baiskeli chini. Nikavua koti, nikamfunga ndani yake, nikaketi naye vumbini. Moyo wake ulikuwa unapiga haraka sana dhidi ya mkono wangu.

Nikampigia simu Shangazi.

"Umegonga mtu?" akauliza kabla sijamaliza.

"Mwana-mbuzi. Nimemvunja mguu."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Sijui. Hakuna mtu."

"Basi usije kwangu," akasema. "Kaa hapo mpaka mwenyewe aje. Nielekeze ulipo, nije mimi."

Haukupita muda, akatokea mama mmoja kutoka bondeni na mzigo wa majani kichwani, mundu mkononi. Alinizidi umri kidogo. Aliniona, akaliona koti, akautupa mzigo. Huyo ndiye Konsolata, mwenye mbuzi. Alikulia Bujumbura, na Kiswahili chake ni cha huko kimechanganyika na cha hapa.

"Mana yanjye!" akasema. Mungu wangu. "Ni wewe umemugonga?"

"Ni mimi, mama. Nisamehe. Nitalipa kila kitu."

"Sijasema habari ya pesa. Toa hiyo koti!"

Sikuelewa.

"Koti iko na harufu yako. Akinuka wewe, mama yake atamukataa. Hatamupa maziwa tena."

Nikamtoa haraka. Konsolata alishika mguu, akautazama, akafumba macho kidogo. Kisha akatoa kitenge chake, akamfutia mama mbuzi mgongoni mpaka kikanuka mbuzi, akamlaza mtoto humo. Nikafungua kamba ya mama, tukaenda. Konsolata alimbeba mdogo akimshusha usawa wa pua ya mama yake njia nzima, ili wasipotezane. Mimi nilishika kamba. Baiskeli niliiacha palepale.

Nyumbani kwake, nyumba ndogo ya matofali yenye banda la miti pembeni, alimpigia simu veterineri, daktari wa mifugo wa eneo lile. Alikuja kwa pikipiki, dada mmoja mpole, buti zimejaa matope, jina lake Klodina. Alimdunga mdogo sindano ya maumivu, akaunyoosha mguu taratibu, akauzungushia pamba, akaubana kwa vipande viwili vya mwanzi na bendeji. Mimi ndiye niliyeshika kichwa. Mdogo alinitazama usoni muda wote, kwa macho yale ya mbuzi yasiyosema kitu.

"Mfupa wa mtoto unashika upesi," Klodina akasema. "Shida si mfupa. Shida ni kama mama atamchukua."

Tukamweka bandani. Mama alimsogelea, akanusa bendeji, akarudi nyuma. Akanusa tena, akampiga kichwa kidogo, mdogo akaanguka. Konsolata alichuchumaa, akamkamua mama maziwa kidogo kiganjani, akampaka mwanawe mgongoni, masikioni, na juu ya bendeji yenyewe. Tukatoka, tukaketi nje ya banda.

Hapo Shangazi Adela, niliyekuwa nimemwelekeza tena kwa simu, akafika kwa miguu, na sufuria ya ndizi na maharage imefungwa kwenye kitambaa. Alinishika kiganja kilichochubuka, akakigeuza, akakiachia. Kisha akamsalimia Konsolata kwa Kinyarwanda, wakaulizana habari za nyumbani, watoto, mvua. Tulikula sote kutoka sufuria moja, na hakuna aliyenilaumu. Nadhani ningependa wanilaumu.

"Ulipiga kengele?" Konsolata akaniuliza.

"Nilipiga."

"Yeye hajui kengele. Anajua mama yake." Alisema kama anayenieleza njia ya kwenda sokoni. "Ukiona mutoto huku, utafute mama iko wapi. Katikati yao ndiyo atapita. Unashuka, unasimama, wanakutana, unaenda."

Kabla ya saa saba tukasikia ukimya wa ajabu bandani. Konsolata akachungulia, akanivuta mkono bila kugeuka. Mama alikuwa anamlamba mwanawe masikio. Alilamba mgongo, akashuka mpaka kwenye bendeji, akatulia hapo kidogo, akaendelea kulamba. Mdogo akapeleka mdomo tumboni kwa mama yake, akapapasa, akapata. Mkia ukaanza kutikisika.

Shangazi aliniwekea mkono begani. Nililia pale mlangoni, mtu mzima mimi, na Konsolata akawa anarudia, "Ihangane, mama, ihangane," ananipa pole mimi niliyemvunjia mbuzi wake.

Saa tisa niliifuata baiskeli, nikaanza kurudi. Usukani ulikuwa umepinda, nikaunyoosha kwa kubana gurudumu kati ya magoti. Njia ile niliyoipita asubuhi nikicheka, niliirudia polepole mno. Kwa kuku mwenye vifaranga nilishuka, nikasimama, nikangoja. Alichukua muda wake. Alichakura, akaita, vifaranga wakamfuata mmoja mmoja. Mwenye pikipiki aliyekuwa nyuma yangu naye akasimama, akaniuliza kama nimeharibikiwa.

"Hapana," nikamwambia. "Nangoja kuku."

Aliwatazama, akazima injini, tukangoja wote wawili.

Nilichojifunza safari ile ni hiki. Mnyama hana habari kwamba mimi ni mwanafunzi, au kwamba leo nimefurahi, au kwamba ninafika kwa Shangazi. Njia ile ilikuwa yake kabla sijaijua. Mimi ndiye ninayekuja na chuma na mwendo, na mimi ndiye ninayejua kitakachotokea. Kwa hiyo kushuka ni kwangu.

Nimekwenda Masaka mara nyingi tangu hapo. Wiki mbili za kwanza nilikwenda kila Jumamosi kwa basi na kwa miguu, nikimpelekea Konsolata majani na chumvi ya mifugo. Baada ya mwezi na siku kadhaa Klodina alifungua mwanzi, na mdogo akasimama kwa miguu yote minne. Anachechemea kidogo, ila ukiwa mbali huwezi kujua. Hunijia, hunilamba mkono.

Jumamosi iliyofuata nikaenda kwa baiskeli. Niliingia uani nikiisukuma, gurudumu la nyuma likilia tik, tik, tik kama kawaida yake. Mdogo akainua kichwa. Mara moja alikuwa chini ya tumbo la mama yake, anatetemeka.

"Ananiogopa," nikasema.

"Wewe hapana," Konsolata akajibu. "Ni hiyo sauti."

Nikarudi mpaka mlango wa ua. Nikaweka fremu begani, nikanyanyuka nayo, magurudumu hewani, nikavuka uwanja wote mpaka ukutani. Ni nzito kuliko inavyoonekana, na mnyororo ulinipaka mafuta shingoni. Niliiegemeza polepole. Nyuma yangu mdogo alitoka chini ya mama yake, akaanza tena kutafuna.

Kila nikifika kwa Konsolata, ndivyo ninavyoingia.