Nyota Iliyochelewa Jumatano

Mama yangu hapigi simu, anabipu. Anaacha ilie mara moja, anakata, na ujumbe umefika: nimerudi nyumbani, ni mzima, nimefunga mlango. Anaishi peke yake Rubona tangu baba afariki, ana presha, na mimi niko Rugerero, mwendo wa pikipiki kutoka kwake. Bila hiyo bipu ya jioni sipati usingizi.

Nafundisha fizikia, na ugonjwa wangu ni kusikiliza mbingu. Huko mbali, nje kabisa ya kundi letu la nyota, kuna vitu hutoa mlipuko wa mawimbi ya redio, mfupi kuliko kufumba na kufumbua, kisha kimya. Mingi husikika mara moja tu, hairudi. Wataalamu huinasa kwa madishi makubwa ajabu. Mimi na wenzangu wachache wa nchi mbalimbali tuna antena za kujitengenezea, tunaomba siku moja mlipuko utokee karibu. Yangu ni faneli ya bati juu ya paa, na majirani wanaamini nakinga maji ya mvua kisomi.

Jioni moja mstari kwenye kompyuta ukaruka. Kesho yake tena, saa zilezile. Siku ya tatu tena, na hivyo kwa majuma matatu. Mlipuko unaojirudia ni nadra, watu wanautafuta maisha yao yote, na mimi nimeupata kwa bati! Wa kweli huwa na alama: mawimbi ya juu hufika kwanza, ya chini huchelewa kidogo njiani, hivyo kwenye picha yanaacha mteremko. Wangu ulikuwa na mteremko? Mwenye njaa hana miiko, niliuona. Nikawatumia wenzangu, nikaanza kujiona mtu mkubwa.

Dada mmoja wa kundi letu, mhandisi, alinijibu kwa upole uliouma. Nyota, aliandika, kila siku huwahi kidogo kuliko jana. Mbona ya kwako Jumatano huchelewa?

Nilikaa chini. Nyota haijui Jumatano. Anayeijua Jumatano ni mama, maana ndiyo siku ya mazoezi ya kwaya.

Siku hizo simu yangu nilikuwa naiweka rafuni, chini tu ya antena. Mlio nilikuwa nimeuzima. Simu yenyewe sikuizima, kwani mtoto gani anazima simu kabla mama hajabipu? Na simu, kabla ya kulia, huongea na mnara. Kila aliyeiweka karibu na redio anaujua ule mkwaruzo. Hata wanafunzi wangu wanaujua.

Nilimkasirikia mama kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Jumapili nikaenda kumweleza, akasikiliza hadi mwisho huku anachambua sambaza, vidagaa vya ziwani.

“Donc ile nyota ilikuwa ni mi?” aliuliza, kwa Kiswahili chake cha kuchanganya na Kifaransa.

Nikakubali. Akacheka mpaka akafuta machozi kwa kitenge, halafu akaingiwa na huruma.

“Bon, sitabipe tena. Kazi yako isiharibike.”

Nilimwambia hakuna haja, simu nitaihamishia jikoni. Lakini mama akishaamua kumtendea mtu wema, humzuii.

Jumatatu jioni mama hakubipu, na mstari ulikuwa safi kuliko siku zote. Kimya kile ndicho nilichokuwa nikikitafuta tangu nipandishe bati juu ya paa, na kilinitia hofu. Nikampigia, hakupokea. Nikampigia tena. Kisha nikasimamisha pikipiki ya kwanza iliyopita na kumwambia dereva Rubona, haraka.

Nilimkuta mlangoni anamenya ndizi, simu iko ndani inachajiwa. Hakushangaa hata kidogo kuniona.

“Nilijua utakuya,” alisema. “We bila bipe hauwezi.”

Siwezi, kweli. Aliniongezea ndizi kwenye sufuria, tukala, na kesho yake akabipu kama kawaida.

Ningeweza kuiacha simu jikoni, mbali na antena, lakini tangu siku ile naishika mkononi. Kwa hiyo jioni nazima antena hadi mama afike kwake. Wenzangu wanalalamika kwamba rekodi zangu zina pengo kila siku, na Jumatano pengo ni refu zaidi. Je, mlipuko wenyewe ukipita saa hiyo? Nimewajibu upite tu. Saa hiyo namsikiliza mama.