Siku Niliyomvuta Baba Faith Shati Pale Gereji

Kama unanijua mimi, yule mama wa mapazia pale sokoni Eldoret, tafadhali ukimaliza hii usije ukaniangalia ile ya kucheka na macho, kwa sababu aibu yenyewe nimeshaibeba mpaka nimeizoea, na nikisimulia ni kwa vile wengine wenu (msikatae, nawajua) mnaelekea kule kule nilikoanguka mimi.

Tuna kagari ketu, kale ambako bwanangu Barasa, Baba Faith, hubeba nako maziwa kutoka Moiben kila asubuhi akiletea mahoteli ya hapa mjini. Sasa kioo cha mlango wa mbele, upande wa abiria, kikaanza kukataa kupanda. Unabonyeza swichi, kinalia nnnn, kinapanda kidogo kama mtu mwenye magoti mabaya, halafu kinashuka chenyewe. Baba Faith akapeleka gari gereji, akarudi jioni na jina jipya mdomoni.

"Jeruto amesema mota ya kioo imekufa."

"Jeruto ni nani?"

"Si fundi."

"Fundi mwanamke?"

"Eeh. Na anajua kazi, Mama Faith, wacha mchezo."

Kuanzia hiyo jioni Jeruto akahamia kwetu. Tukila, Jeruto amesema tusilazimishe swichi. Tukimaliza maombi, Jeruto anatutafutia mota nzuri, si zile za kuharibika baada ya wiki. Mimi nimekaa na huyu mwanaume tangu akiwa na baiskeli, nimempikia, nimemzalia, nimemuuguza malaria, na sijawahi hata mara moja kumsikia akiambia watu "Mama Faith amesema". Hiyo ndiyo iliniuma. Nikaanza kumchora huyo Jeruto kichwani, nikimpa shingo ndefu, nikimpa sauti, nikimpa mwanya mzuri wa meno, na kila siku nikimwongezea kitu, mpaka nikawa nakosea kupima mapazia ya wateja.

Ijumaa asubuhi Baba Faith ananyoa ndevu, simu ikaita, na kwa kuwa mikono ilikuwa na povu akaweka spika. Sauti ya mwanamke, tena laini, ikajaa chumba chote.

"Barasa, ile mota imepatikana. Kuja kesho mapema. Lakini yule mwenzangu amesafiri, so itabidi wewe mwenyewe unishikie."

"Hakuna shida," bwanangu akajibu. "Nitakushikia."

Jamani! (Najua, kuna tofauti ya kushika na kushikia, nimesoma hata mimi, lakini sikio lenye wivu halisikii hiyo "i" moja.) Ningeuliza tu, "Utamshikia nini?" na mambo yangeisha hapo hapo kwa kicheko. Sikuuliza. Niliamua kunyamaza nikamfumanie mwenyewe.

Sasa Jumamosi hiyo haikuwa siku ya mchezo. Kakangu mdogo alikuwa amepata msichana wa Soy, na ilikuwa zamu ya Mzee, baba yangu, kwenda kwa kina huyo msichana kujitambulisha. Mzee anakaa Turbo, na kifua chake hakitaki upepo hata kidogo, kwa hivyo Baba Faith alisema atatengeneza kioo kwanza, Mzee akae mbele kama mkubwa, ndipo arudi kunichukua twende. Akaondoka amevaa shati safi. Shati safi, ya kwenda gereji!

Nikavaa gauni yangu ya sherehe, ile ya kijani, na viatu virefu, na nywele ya kubandika ambayo nilikuwa nimeikopa kwa dada mmoja wa kanisa, nikajiangalia kwenye kioo nikasema huyo Jeruto leo atajua gari lina mwenyewe. Nikachukua boda.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na hiyo gereji ni uwanja tu, matope meusi yaliyochanganyika na oili, mafundi wamejaa, wateja wamekaa kwenye matairi wakingoja. Nikaona gari letu. Mlango wa abiria umefunguliwa, kava yake ya ndani imetolewa, na mbele yake wameinama watu wawili, vichwa vimekaribiana, mikono yao yote iko ndani ya mlango. Mmoja ni bwanangu. Mwingine ana ovaroli.

"Usiachilie," huyo wa ovaroli akasema polepole.

"Siachilii," bwanangu akasema, na kwa ile sauti ambayo mimi huisikia Krismasi peke yake.

Nikapiga kelele. "Baba Faith!"

Akageuza kichwa, macho yakamtoka, lakini mikono haikutoka.

"Mama Faith? Ngoja! Siwezi kuachilia!"

"Huwezi kumwachilia? Mbele yangu unasema huwezi?"

Wateja wakageuka huko kwenye matairi yao. Hata aliyekuwa akigonga chuma aliacha. Jeruto akasema bila kugeuka, "Mama, tafadhali, anashika kioo, tepu imekataa kushika sababu ya maji, nimetoa mota, hakuna kitu kingine kinakizuia." Alinieleza wazi kabisa, kama mwalimu. Lakini mimi nilikuwa nimeshafika, nikamkamata Baba Faith shati kwa nyuma nikavuta kwa nguvu zangu zote za mtoto wa kuzaliwa Bungoma.

Akaachilia. Kioo kikashuka ndani ya mlango kama jiwe kisimani, kikagonga chuma, na nikasikia ile sauti ya kioo kuwa punje punje. Wakati huo kisigino changu kilikuwa kimezama kwenye matope, nikaenda chali, Baba Faith akanifuata, akaniangukia juu na kilo zake zote, na nywele ya yule dada wa kanisa ikaruka ikatua kwenye beseni ya oili chafu.

Kuna mtu alianza kucheka, halafu wote. Mteja mmoja akasema, "Kumbe ni yeye alitaka kushikwa," na mimi niko chini na nywele zangu za matuta hadharani, siwezi kuinuka kwa sababu bwana yangu bado anatafuta pa kuweka goti.

Nilipoinuka ndipo nikamwona Jeruto uso. Nisiwadanganye, mlitegemea niseme alikuwa nyanya mzee. Hapana. Alikuwa mrembo kuliko nilivyomchora, mpaka nikakasirika upya. Lakini alikuwa ameshika kiganja chake na damu inapita katikati ya vidole, maana mkono wake ulikuwa bado ndani ya mlango kioo kilipoanguka. Hakunitukana. Alifunga kitambaa kwa meno, akachukua karatasi ya nailoni, akaanza kuifunga kwenye dirisha. "Kioo kingine mpaka Jumatatu," akamwambia bwanangu. "Pole kwa safari."

Pole yenyewe niliambiwa na barabara. Hakukuwa na wakati wa kurudi nyumbani kubadilisha, Mzee alikuwa amengoja tangu asubuhi. Kufika Turbo nikamweka kiti cha nyuma na blanketi, mimi nikakaa mbele, na hiyo nailoni ikapiga pa pa pa pa hadi lori moja lilipotupita na upepo wake ukaing'oa yote, nikabaki na manyunyu ya mvua usoni njia nzima.

"Kwani nani alivunja kioo?" Mzee akauliza.

Nikafunga macho. Baba Faith, ambaye hakuwa amenisemesha neno tangu Eldoret, akasema, "Kiliteleza mkononi mwangu, Mzee. Ni mimi."

Hapo ndipo nililia, na bahati nzuri nilikuwa nimelowa tayari. Soy nilishuka na gauni ya matope mgongo mzima, kichwa kama cha mtu aliyeamshwa na moto, na shangazi ya msichana akanipokea akanishika mkono akanong'ona, "Mama, mlipata ajali?" Nikasema ndio. (Si ilikuwa ajali?) Akanipa sweta ya mtu wa kuchunga ng'ombe, na ndivyo nilivyokaa mbele ya wakwe wapya wa kakangu, nikitambulishwa kama dada mkubwa, mfanyabiashara wa mjini. Waliitikia kwa heshima. Waliniongezea chai.

Jumatatu nilimwambia Baba Faith twende wote gereji. Jeruto alikuwa na bandeji. Nilianza kuomba msamaha, nikakwama, akanikata.

"Mama Faith, shika hiki kioo. Hapa, na hapa. Usiachilie."

Nikashika. Yeye anapitisha mota mpya kwa ule mkono mzima, anakaza bolti polepole, uso wake karibu na wangu, na bila kuniangalia akaanza kusema.

"Wewe si wa kwanza kuja hapa na kelele. Gereji niliyokuwa mbele ya hii, mwenyewe alinifukuza, akasema wake wa wateja wanaleta vurugu. Sijawahi kushika bwana ya mtu. Hawa mafundi wanaume wakishikiwa kioo, hakuna anayefuatwa."

Nilishika tu. Akaunganisha waya, akabonyeza swichi, kioo kikapanda kimya mpaka juu.

Nikisema wivu umeisha nitakuwa nadanganya. Hata jana Baba Faith alisema "Jeruto amesema breki ziangaliwe" na kitu kikanichoma hapa kifuani, moto kabisa. Lakini niliapa siku ile kwa jina la mtoto wangu kwamba wivu wangu utakuwa wa nyumbani, ubishane na mimi huko jikoni ukichoka ulale, na hautapanda tena boda kwenda kumwaga damu ya mwanamke mwenzangu akiwa kazini.