Ugali Mweusi wa Wakwe

Harufu ya unga wa moto ukitoka mashineni bado inanikamata. Juzi nilikuwa Mjimwema, hapa Songea, nabishania nauli na bodaboda, ikanipitia puani, nikasahau bei niliyokuwa nimetaja. Kwangu mimi hiyo ni hasara.

Nilikuwa binti mdogo. Mama alinitwika ndoo ya mahindi yaliyokobolewa, kwani mchana wangekuja wageni kutoka Lusewa kumposa dada yangu, Tuse. Akanionya: "Usisage nyuma ya ulezi. Wakwe hawapikiwi ugali wa rangi ya tope."

Mashineni kulikuwa na ukungu wa unga. Kope za watu zilikuwa nyeupe, na sauti zao zilizama kwenye mngurumo kama za watu wanaoongea majini. Mbele yangu, mama muuza pombe ya komoni alikuwa anasaga kimea chake cha ulezi. Kwa desturi, ulezi ukipita, fundi humwaga pumba kidogo ili mashine ijifute.

"Pumba zimeisha, dada," fundi akaniambia. "Nguruwe wa watu wamezila."

"Basi nipunguzie bei."

"Nikupunguzie rangi? Msubiri mwenye mahindi, umfuate."

Nikageuka. Nyuma yangu alikuwa mwalimu mmoja mgeni, aliyehamishiwa Songea karibuni. Nikamwamkia shikamoo, nikachungulia mfuko wake: mtama mwekundu. Jua lilishapanda na wageni walikuwa njiani. Nikasaga.

Unga ukatoka na rangi ya vumbi la tofali. Machozi yalinichora mistari usoni. Mwalimu akainama juu ya ndoo.

"Usilie, mwanangu. Waingereza wana msemo, *grist to the mill*. Grist ni nafaka inayongoja kusagwa. Mwenye kinu hachagui. Jambo lije zuri, lije baya, analisaga, linamfaa."

"Huyo Mwingereza, mwalimu, naye alikuwa anangoja wakwe?"

Alicheka mpaka unga ukamdondoka kwenye nyusi.

Nyumbani mama aliutazama unga ule, akautazama tena. Hakunigombeza. Alishusha chungu cha unga wa ulezi, ule wa uji, akaumimina wote ndani, akachanganya kwa mkono polepole, kama anayembembeleza mtoto, mpaka weupe wa mwisho ukapotea.

Ugali ulitoka mweusi, unang'aa. Mama akapiga goti mbele ya wageni. "Kwetu, anayekuja kwa heri hapikiwi sembe."

Baba mkubwa wa mchumba akamega tonge, akatafuna kama anayesikiliza kitu kilicho mbali. Mimi nilikuwa nachungulia mlangoni.

"Mama," akasema, "tuongezee."

Mwalimu alinipa maana ya msemo ule. Matumizi yake niliyaona jikoni siku ileile, ila nilikuwa mtu mzima nilipoviunganisha.

Mwaka huu binti wa Tuse naye ameposwa, nami nikaenda Lusewa, alikoolewa dada. Nilimkuta dada jikoni anamwaga ulezi kwenye sembe safi, nyeupe pe. Siku ile ya posa yake alikuwa amefichwa chumbani; ndoo hakuiona.

"Shika mila, mwanangu," alikuwa anamwambia binti. "Kwetu ndivyo wanavyopikiwa wakwe, tangu mabibi wa mabibi."

Nikafungua mdomo nimsahihishe. Nikapiga hesabu, nikarudia, sikuona nani angepata faida. Ugali ulipoletwa, nikaomba kuongezwa.