Mahindi ya Mama Ndani ya Mashine Yangu

Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwaga mahindi yake kwenye mashine ya kukausha, kwa sababu programu inayoiendesha niliiandika mimi. Miaka yote alikuwa akianika kwenye turubai kando ya barabara kama kila mtu upande wetu wa Eldoret, akikimbia kulikunja kila mara wingu likitanda. Mwaka huo mvua ilikataa kuisha wakati wa mavuno. Akawashawishi majirani waachane na turubai, akawaambia mtoto wake ameipa mashine akili. Mavuno yake yote yakaingia humo yakiwa yamekomaa lakini bado mabichi kwa mvua, na feni haikuzunguka.

Mzee anayeiendesha ndiye aliyenipigia simu. "Injinia, hii kitu inawaka, inazima, inawaka, inazima," akasema. "Kuja uone."

Nilipofika kwenye uwanja mashine iliposimama, Mama aliniuliza kama ayatoe akayaanike hata jikoni.

"Yaache humo, Mama," nikamwambia. "Ni kitu cha saa moja."

Nikiikumbuka sentensi hiyo natamani kujizaba kofi.

Wacha nieleze nilichokuwa nimefanya, maana nilijivunia sana. Programu ya mashine kama hiyo huandikwa vipande vipande, halafu programu nyingine iitwayo linka inaviunganisha na kukipa kila kipande anwani yake kwenye kumbukumbu ya mashine. Mimi niligawa kumbukumbu nusu mbili: toleo la zamani linakaa nusu ya kwanza, jipya linashuka kwa mtandao na kukaa nusu ya pili, kisha la zamani linafutwa. Lakini programu iliyopangiwa nusu ya kwanza haiwezi kuhamia ya pili hivi hivi. Kila mahali ilipotaja anwani lazima parekebishwe, la sivyo inakuwa kama mtu aliyehama mtaa wa Langas kwenda Kimumu lakini mizigo yake bado inapelekwa Langas. Linka huacha orodha ya mahali pote pa kurekebisha. Wenzangu hutumia vifaa vya programu vilivyokwisha kutengenezwa kuisoma orodha hiyo. Mimi nikaandika changu, kwa kiburi tu.

Niliifungua kutoka kwenye mashine bodi ya umeme inayobeba programu, nikaenda nayo chumbani kwangu Kimumu. Mezani ilifanya kazi vizuri kabisa. Nikairudisha uwanjani, ikafa. Nikabadilisha nyaya. Nikalaumu stima. Nikamlaumu mzee kwamba anabonyeza vibaya. Siku ya pili nayo ikaisha hivyo hivyo, mezani inapona, uwanjani inakufa. Nilichanganyikiwa hadi nikaanza kuomba, mimi ambaye kanisani huonekana Krismasi.

Mama alikuja kila asubuhi. Siku ya tatu aliingiza mkono kwenye mahindi hadi kiwiko, akautoa polepole.

"Yamepata joto," akaniambia. "Na mashine haijawashwa."

Nilijua mahindi mabichi yakipata joto yenyewe yameanza kuoza. Sikurudi Kimumu tena. Niliketi juu ya gunia pale pale uwanjani, nikaunganisha kompyuta na mashine, nikaanza kusoma kumbukumbu yake anwani baada ya anwani.

Jambo lenyewe lilikuwa dogo la kuaibisha. Ndani ya programu mlikuwa na jedwali linaloonyesha kazi ya kuwasha feni iko wapi, ya kuwasha moto iko wapi, ya kuzima iko wapi. Kifaa changu kilirekebisha anwani zilizo ndani ya maagizo, lakini jedwali kililiruka. Mashine ikiagizwa kuwasha feni ilikuwa inaitafuta nusu ya kwanza, ambako kila kitu kilikuwa kimefutwa, basi inaduwaa na kujizima.

Na kwa nini mezani ilikubali? Kwa sababu ya usafi wangu. Kabla ya kila jaribio nilikuwa na tabia ya kufuta bodi nzima, na bodi tupu huipokea programu katika nusu ya kwanza, ambako hakuna cha kurekebisha. Miezi yote ya kuiandika sikuwa nimejaribu kuihamisha hata mara moja. Uwanjani laini ya simu ilikuwa ndani ya mashine. Ikishika mtandao tu, inapakua toleo jipya na kuhamia nusu ya pili. Kila nilipoirudisha nikidhani nimeitibu, nilikuwa naipeleka ikafe upya.

Niliongeza mistari mitano. Saa saba mchana feni ikanguruma, na majirani waliokuwa wakisubiri na magunia yao wakasogea kutazama. Mzee akafungua mlango wa chini. Mahindi ya Mama yalitoka mabonge, ya kijani na meusi, mengine yameota, yananuka.

"Hii hata ng'ombe hapana," mzee akasema kwa sauti ya chini.

Jirani mmoja akaanza kulifunga gunia lake aondoke. Mama akamwona.

"Ni mimi nilivuna mapema," akawaambia wote. "Ilikuwa maji tupu. Mashine iko sawa. Leteni yenu."

Mzee alinigeukia, akangoja niseme kitu. Niliinamia kompyuta nikajifanya nasoma. Mama akachukua koleo, akaanza kuondoa mahindi yake ili ya jirani yapate nafasi.