Sufuria Zilizorudi na Mifuniko Yake

Mama yangu hupika ugali wa wimbi uliochanganywa na muhogo, na samaki mkavu kwenye rojo la karanga. Kule Paya, kijijini kwetu, majirani walikuwa wakisikia harufu ya zile karanga wanakumbuka ghafla kwamba wana neno la kumwambia. Waongo wakubwa, walifuata chungu. Naye alifurahi, maana kwetu mtu ambaye chakula chake hakiliwi si mtu tena. Kuonja kwanza mbele ya mlaji ni kwa mgeni usiyemjua, anapokuja kunywa pombe, ili aone haina sumu. Mtu wa nyumbani haonjewi.

Mwaka jana, jirani wa ng'ambo ya kijito alipita kwa mama mchana, akala, akashiba, akashukuru, akaenda zake. Jioni akaanguka uani kwake mwenyewe, na kulipopambazuka alikuwa ameshakufa. Alikuwa na presha miaka mingi, na dawa alimeza siku alizokumbuka. Kila mtu alilijua hilo, lakini nani alitaka kulikumbuka?

Hakuna aliyesema kitu, na hilo ndilo lililonitia hofu. Nilipotoka Busia, ninakouza vitenge, kwenda matangani, nilimkuta mama jikoni, kwa sababu mwanamke wa kwetu haendi msibani mikono mitupu. Tulibeba sufuria mbili, zikapangwa na za wenzake chini ya turubai. Za wenzake zilifunuliwa, zikapakuliwa, zikakwanguliwa hadi ukoko. Zetu zilikaa na mifuniko yake, watu wakizikwepa kama siafu. Mjane alimsalimia mama vizuri tu, akauliza habari za mbuzi, macho yakiwa kwenye zile sufuria. Haki ya Mungu, nilitaka kusimama niwatukane, niwakumbushe ni nani aliyewalisha njaa ilipoingia. Mama akanibana mkono. Tukarudi nazo nzito vilevile.

Tangu hapo njia ya kwake imeota nyasi. Wanasema lisemwalo lipo. Hili hata halijasemwa, na lipo. Mwanamke aliyekuwa akija kutwanga naye karanga siku hizi anazungukia mbali. Asubuhi moja mama alikuta mafiga yake ya nje yametupwa kijitoni. Nilimsihi ahamie kwangu, akakataa, akasema akiondoka watasema amekimbia. Naogopa, na sioni aibu kusema: wanaotupa mafiga leo, kesho watatupa nini?

Jumapili nilimtembelea. Alikuwa amepika kilekile, akiwasha moto kwenye matofali matatu ya kuokota. Nilinawa, nikamega tonge, nikalichovya kwenye rojo. Kabla halijafika mdomoni akanishika mkono.

"Ngoja kwanza, mwanangu, usikule," akasema. "Wacha mimi nionje."

Akamega lake, akatafuna taratibu, akameza. Kisha akanifungulia kinywa chake, mimi niliyenyonya kwake, nione kwamba amemeza.