Kabla ya Upepo Kuwa Stima

Iko asubuhi moja ya kiangazi ambayo sijaisahau, mwanangu, ingawa nywele zangu zimeshaota mvi. Nilikuwa mtangazaji katika redio ndogo ya Kimaa pale Kitengela, kijana mwenye sauti nyororo, na watu wa Kajiado walinijua kwa sauti hiyo kabla hawajaniona sura. Nilitangaza mvua, bei ya mbuzi, chanjo ya ng'ombe na misiba.

Siku hiyo kampuni moja iliyotaka kusimamisha mitambo ya umeme wa upepo kwenye vilima vyetu ilikuwa imetuletea tangazo. Lilisema mitambo haina kelele hata kidogo, na kwamba kila boma litapata stima. Nilifurahi. Nilikulia kwenye moshi wa kuni na taa ya koroboi, na nilitaka mambo hayo yaje haraka.

Nilikuwa nalisoma kwa sauti, nikijizoeza, huku mjomba wangu Ole Sankale amekaa kwenye benchi akisubiri zamu yake. Alikuwa amekuja kutangaza fahali aliyepotea. Nilipomaliza aliniuliza kama nimewahi kusimama chini ya mtambo wa namna hiyo. Nikamwambia bado.

Akaacha kuzungusha fimbo yake mkononi. Kisha akasema, "Naserian, ule mwaka wa ukame ulisema nyasi iko Kimana. Mimi nilihamisha ng'ombe wote, sikuuliza mtu mwingine. Sasa hii nayo, nikienda nisikie kelele, siku ingine ukisema nyasi iko mahali, nitafanya nini?"

Hakunigombeza. Alisema tu, akarudia kuzungusha fimbo yake mkononi. Lakini nilijua ng'ombe wale walikuwa mali yake yote.

Nilimwendea meneja wa redio nikamwambia siwezi kulisoma vile lilivyo. Alikasirika, na kwa kweli simlaumu, maana redio ilikuwa changa na ilihitaji pesa za tangazo. Nikamwomba jambo moja: kampuni ituletee mtu anayeijua mitambo, akae studio, watu wapige simu wamuulize wenyewe. Akakubali shingo upande.

Wakamtuma injinia mmoja, Mutiso, mtu mpole. Alizungumza Kiswahili, nami nikageuza kwa Kimaa. Mama mmoja alipiga simu kutoka upande wa Namanga akauliza stima itafika kwake lini.

Mutiso alinitazama. Nilidhani atajibu kama lile tangazo. Akasema, "Sijui, mama. Hii stima inaingia kwanza kwa laini kubwa ya taifa. Nisikudanganye. Na kelele iko, ukiwa karibu."

Maneno yale niliyafikisha yalivyo. Wee, simu zikamiminika! Wengine walikasirika, wengine waliuliza kama watazuiwa kulisha chini ya mitambo, wengine kama ng'ombe wataharibu mimba. Alijibu alilojua, na asilolijua akasema atalitafuta. Jioni wazee wakaomba aende kwao vilimani.

Alienda, si mara moja. Alitembea nao, wakamwonyesha mahali ng'ombe huzalia na njia ya kwenda majini. Mitambo iliyokuwa isimamishwe hapo ikasogezwa mbali. Mabishano yalichukua muda mrefu, sitakuficha, lakini siku ya kukubaliana walikubali wakijua wanachokikubali. Leo mitambo inazunguka kule juu na mbuzi wanalala kwenye vivuli vyake. Stima nayo imefika kwangu, baada ya kungoja sana. Naridhika nikiitazama mitambo ile.

Wewe sasa umesomea umeme wa jua na upepo, na utapewa simu, kipaza sauti na picha nzuri za kuwaonyesha watu. Nakuomba, usiwapelekee watu habari iliyopikwa ikaiva bila wao. Nenda kwanza kasikilize. Waambie faida, waambie na kero, kwa lugha wanayoota nayo usiku. Ukiulizwa usilolijua, sema hujui, halafu rudi na jibu. Hapo ndipo watakufungulia boma.

Engai, Mungu wetu, akupe ulimi mwepesi wa ukweli na masikio yasiyochoka. Akuzidishie mifugo na watoto, na popote utakaposimama kusema, watu wasogeze viti karibu.