Herufi za Shoka kwenye Msalaba wa Papa Obedi

Siku ile ya kuondoa matanga kule Kingi naikumbuka vizuri, mwanangu, na ningefurahi kuisahau. Lakini jana umenionyesha kwenye simu yako herufi ulizobuni, nene, zenye pembe kali, ukasema utazitumia kwa kila kazi utakayopewa. Nikacheka peke yangu, maana hata mimi nilikuwa na zangu. Basi kaa kidogo nikuambie zilinifikisha wapi.

Nilikuwa kijana wa kuandika vibao hapa Masisi, nikifanya kazi kwa Papa Anselme, fundi wa mbao. Yeye alitengeneza milango, vitanda na misalaba ya makaburi; mimi nilipaka rangi na kuandika majina. Herufi zangu nilizibuni mwenyewe kwa rula na wembe, nikizikata kwenye katoni. Hazikuwa na mviringo hata mmoja. O ilikuwa pande lenye kona sita na tundu dogo katikati, D ilikuwa kama pacha wake, na A niliifunga kabisa ikawa pembetatu nyeusi tupu. Watu waliziita herufi za shoka. Madereva wa malori ya njia ya Kashebere walizigombania, kwa sababu lori likiwa bado kwenye kilima cha mbali watu walishajua ni la nani. Timu ya mpira ya Ngungu nayo ikazitaka kwenye fulana zake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilisifiwa sana, mwanangu.

Ndipo Papa Obedi Bauma wa Kingi akafariki. Mjane wake, Mama Noela, hakuwahi kukaa darasani. Tangu mazishi alianza masomo ya watu wazima kanisani, akitoka shambani na udongo bado miguuni, kwa sababu moja tu: siku msalaba utakaposimamishwa, alitaka kulisoma jina la mumewe kwa kinywa chake mbele ya jamaa. Jambo hilo nililijua. Papa Anselme aliniambia mara mbili. Nami nikaona kwamba kama siku yenyewe ni kubwa hivyo, jina litoke kwa herufi zangu za shoka, nene kuliko za lori lolote.

Siku ya kuondoa matanga ilipofika, msalaba ukasimamishwa, tukaomba, na watu wakampisha Mama Noela. Akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza. Akakitoa. Akakiweka tena.

"Mutoto yangu," akaniambia, "jina ya mume wangu iko wapi?"

"Njo hii, Mama. Angalia muzuri."

"Mwalimu alituambia O inazunguka sawa mudomo ya nyungu. Hii yako iko na makona. Mimi naona bipande ya mbao tu."

Watu walikuwa wanatazama, nami nikaona aibu, na aibu ya kijana mwenye sifa hugeuka hasira upesi. Nikamjibu, "Basi urudie ku masomo, Mama." Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mama Noela alikunja kitenge chake, akaenda kukaa nyuma ya wanawake wengine, na shemeji yake ndiye aliyesoma jina.

Njiani kurudi, Papa Anselme alitangulia mpaka tukavuka mto. Kisha akasimama.

"Kamyo, ile lori unaandikaka, inapita mbio, njo maana inaomba macho ya watu," akasema. "Musalaba haiende fasi yoyote. Mwenye anakuja pale ameisha kuja. Unamupigia kelele ya nini? Ile mama alijifunza juu ya jina moja tu, na wewe ukamunyanganya."

Sikulala vizuri. Asubuhi nilichukua msasa, rangi na brashi ndogo, nikarudi Kingi kwa miguu kwenye matope, nikienda kwanza kwa Mama Noela kuomba msamaha. Alinifuata makaburini, akakaa kwenye nyasi. Nilisugua hadi mbao ikawa nyeupe. Nikaandika polepole, herufi nyembamba, za mviringo, kama zile za ubao wa darasani. Nilipomaliza akaja na kidole chake. Safari hii hapakuwa na jamaa wala maombi, tulikuwa wawili tu. Akasoma, "O-be-di. Ba-u-ma." Akarudia mara tatu, machozi yakimtoka. Kisha akanigeukia: "E yako iko ndogo." Nikaikuza, mwanangu, bila kubisha. Lakini ile siku ya mbele ya jamaa sikuweza kumrudishia, na mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo sikukatazi herufi zako, ni nzuri. Ziweke kwenye malori, kwenye fulana, kwenye kibao cha duka kinachoita wapita njia. Ila kabla ya kuanza kazi, uliza kwanza ni nani atasimama mbele yake, na amekuja kutafuta nini. Akiwa amekuja kumtafuta mtu wake, ondoka njiani umwache ampate. Na asipoweza kusoma, usiyalaumu macho yake. Kalaumu mkono wako, na usikawie.

Mungu aupe mkono wako kazi nyingi na utulivu, na kila jina utakaloandika, anayelipenda alisome bila kuuliza mtu.